Straika kwanza au beki kwanza? Hesabu tunayoikosea kila msimu

Kama umekulia Kongowea, au mtaa wowote ule wenye uwanja wa vumbi, unaijua hii. Jioni, vijana ishirini hivi wamesimama, mabarobaro wawili wako katikati. Wanapima kwa nyayo, mguu mbele ya mguu, hadi mmoja akanyage kidole cha mwenzake. Aliyeshinda anachagua kwanza.

Hajawahi kumchagua beki. Sijaona, na nimeusimamia mstari ule tangu darasa la nne.

Wa kwanza kuitwa huwa yule mwenye chenga. Wa pili mwenye shuti. Halafu wenye mbio, halafu mwenye mpira (huyo lazima, la sivyo anaenda nao kwao). Mwishomwisho mnabaki wanne watano mnaotazama chini, na nahodha anawagawa kama mtu anayegawa chenji: "Wewe na wewe, kaeni nyuma." Na yule wa mwisho kabisa anaambiwa, "Dogo, ingia goli."

Mimi nilikuwa wa "kaeni nyuma". Kwa hivyo mkisoma haya mkaona natetea upande wangu, sawa, natetea. Lakini nina kisa na nina hesabu. Nianze na kisa.

Elfu kumi na mbili

Mwaka jana timu yetu ya maskani iliingia katika mashindano ya mtaa. Tulichanga sisi wenyewe, tukapita sokoni kwa wauzaji wa viazi na vitunguu wanaotujua, na baada ya kulipa ada ya kujiandikisha tukabakiwa na shilingi 12,000. Kwa timu yetu hizo ni pesa nyingi sana.

Tukakaa kikao. Kulikuwa na mawazo mawili. La kwanza: tumkodi straika mmoja kutoka Likoni ambaye kila mtu alikuwa akimzungumzia, shilingi 3,000 kwa mechi. Mechi nne, pesa zimeisha. La pili lilitoka kwa kaka mmoja mkubwa anayetufanyisha mazoezi: kipa anunuliwe glavu za maana, mabeki wawili wapate viatu, na zitakazobaki ziwekwe za matibabu, mtu akiumia.

Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Straika alishinda, tena kwa mbali. Na mimi, beki wa kuzaliwa, nilinyoosha mkono kwa straika. Nilitaka kushinda. Nilitaka kuona magoli.

Na tuliyaona. Mechi ya kwanza tulishinda 4-3. Ya pili tukatoka 3-3. Ya tatu tukapigwa 5-2, tukaaga mashindano. Straika alifunga magoli sita kati ya tisa na hakuna anayeweza kumlaumu: alilipwa afunge, akafunga. Ila tulifunga magoli tisa kwa mechi tatu na bado tukaenda nyumbani. Kumi na moja yaliingia kwetu.

Katika ile mechi ya tatu kipa wetu, kijana wa miaka 19, alizuia shuti kwa glavu zilizochanika alizozifunga kwa utepe wa gundi. Kidole kikateguka vibaya. Kijana huyu ni mchukuzi sokoni. Saa tisa usiku, malori ya viazi yanapoingia Kongowea, yeye yuko pale akishusha magunia. Kwa kidole kile hakushusha gunia wiki tatu. Tulipofungua mfuko wa timu kumsaidia, mlikuwa na ile elfu tatu ya mechi ya nne ambayo hatukuifika. Tukampa hiyo. Ilikuwa aibu.

Tangu siku hiyo swali hili limenikaa kichwani: ukiwa na pesa kidogo na nafasi moja ya kuchagua, unamchagua nani kwanza? Anayefunga au anayezuia?

Wamarekani nao walibishana

Mtacheka, lakini ubishi mzuri kabisa juu ya jambo hili niliukuta kwenye mchezo ambao hapa Mombasa karibu hakuna anayeucheza: ule mpira wa Marekani wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Ligi yao inaitwa NFL, na ina utaratibu unaofanana kabisa na wetu wa kupima nyayo. Kila mwaka mwezi wa nne timu zinakaa na kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, mmoja mmoja, kwa zamu. Tofauti na sisi ni kwamba timu iliyofanya vibaya ndiyo inayochagua mapema. Wanaita drafti.

Sasa mwaka 2021 timu ya Cincinnati Bengals ilikuwa na zamu ya tano. Ilikuwa na kijana wa dhahabu, Joe Burrow, mchezaji wa ile nafasi ya kwotabeki, yaani mpishi wa mashambulizi yote, mwenye kurusha mpira. Lakini msimu uliotangulia Burrow aliumizwa goti vibaya. Mbele ya kwotabeki husimama majitu matano, kilo mia na arobaini na zaidi kila mmoja, kazi yao kubwa ni kuwazuia wapinzani wasimfikie. Wengi wao hawashiki mpira karibu maisha yao yote ya uchezaji. Watoto hawanunui jezi zao. Na wa Bengals walikuwa wanavuja.

Mezani kulikuwa na vijana wawili. Ja'Marr Chase, mpokeaji wa mipira, mwenye mbio na mbwembwe, tena alicheza na Burrow chuoni. Na Penei Sewell, mmoja wa yale majitu, mlinzi. Wataalamu wakagawanyika kama maskani yetu: huyu kijana mmeshamvunja goti, kwa nini mnamtafutia mtu wa kumpa mpira kabla ya mtu wa kumlinda?

Bengals wakamchagua Chase. Sewell akachukuliwa na Detroit Lions katika zamu ya saba.

Na hapa ndipo hadithi inapokuwa ngumu, maana haikuisha nilivyotaka. Chase aliwaka. Alitajwa mshambuliaji chipukizi bora wa msimu, na Bengals, timu iliyokuwa mkiani, ikafika fainali yao kubwa, Super Bowl, Februari 2022. Waliotaka mlinzi walionekana wajinga.

Mpaka fainali yenyewe. Msimu ule Burrow alikuwa ameshaangushwa na mpira mkononi mara 51 katika mechi za kawaida. Katika mechi moja ya mtoano aliangushwa mara tisa, wakashinda kwa miujiza. Kwenye fainali dhidi ya Los Angeles Rams aliangushwa mara saba. Dakika ya mwisho, wako nyuma 23-20, mpira wa kuokoa maisha uko mkononi mwake, jitu la Rams linaloitwa Aaron Donald likapenya na kumzungusha kabla hajapata pa kutupa. Mechi imekwisha. Wiki chache baadaye Bengals walisajili walinzi watatu wapya.

Nani alikuwa sahihi? Ukweli ni kwamba straika aliwafikisha fainali, na ukuta mbovu ukawanyima kombe. Sewell naye huko Detroit akawa mmoja wa walinzi bora wa ligi nzima. Mwaka 2024 alitia saini mkataba wa dola milioni 112 kwa miaka minne. Mwaka uliofuata Chase akapata wa dola milioni 161 kwa miaka minne. Hata kwa Wamarekani, anayefunga analipwa zaidi.

Tuje nyumbani: Misri 2019

Ukiona ya Wamarekani ni mbali, tuongee ya Harambee Stars.

Kombe la Afrika 2019, kule Misri. Tulikuwa na Michael Olunga mbele na Victor Wanyama katikati. Tulifungwa na Algeria 2-0. Tukawapiga Tanzania 3-2, na usiku ule Kongowea haikulala, Olunga mawili, Johanna Omolo moja. Halafu Senegal wakatupiga 3-0. Pointi tatu, tukarudi nyumbani.

Watu wengi husahau kilichofuata. Mwaka ule timu nne bora zilizomaliza nafasi ya tatu kwenye makundi zilikuwa zinapita. Sisi tulimaliza wa tatu na pointi tatu. Afrika Kusini nao walimaliza wa tatu na pointi tatu. Wao wakapita, sisi tukapanda ndege.

Angalia magoli. Kenya: tulifunga matatu, tukafungwa saba. Afrika Kusini: walifunga moja, wakafungwa mawili. Goli moja tu kundi zima! Sisi tuliwazidi mara tatu kwa kufunga. Lakini walikuwa na deni la goli moja, sisi la manne. Wakaingia mtoano, wakakutana na wenyeji Misri, Misri ya Mohamed Salah, wakawatoa 1-0.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna ya juzi, na hii kila mtu anaikumbuka.

Agosti 2025, CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, sisi tukiwa wenyeji pamoja na Tanzania na Uganda. Hakuna Olunga, hakuna jina kubwa. Kundi lina Morocco, DR Congo, Zambia na Angola. Watu wakaliita kundi la kifo, na maiti walidhani ni sisi. Matokeo: DR Congo 1-0. Angola 1-1. Morocco 1-0. Zambia 1-0. Pointi kumi, vinara wa kundi, juu ya Morocco ambao baadaye ndio walibeba kombe.

Magoli manne kwa mechi nne. Yaani goli moja kila mechi, mavuno ambayo timu yetu ya maskani ingeyacheka. Ila tulifungwa moja tu. Na tusisahau kwamba dhidi ya Angola tulipewa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na dhidi ya Morocco tukapewa nyingine kabla ya mapumziko. Mara mbili watu kumi, mara mbili ukuta ukasimama. Na aliyeupanga ukuta ule ni kocha Benni McCarthy, ambaye enzi zake alikuwa straika, tena mfungaji bora wa historia ya Afrika Kusini.

Robo fainali Madagascar walitutoa kwa penalti, 4-3, baada ya sare ya 1-1. Goli letu siku ile lilifungwa na Alphonce Omija. Omija ni beki.

Mbona basi hatuwachagui?

Kama hesabu iko wazi hivi, mbona pale uwanjani kila jioni nahodha anaita mwenye chenga?

Sababu ya kwanza ni macho. Goli linaonekana. Goli lililozuiwa halionekani, kwa sababu halikutokea. Nenda pale sokoni utazame mkokoteni uliojaa viazi ukipanda. Anayevuta mbele ndiye anayepiga kelele watu wapishe, ndiye unayemwona. Wawili wanaosukuma nyuma wameinamisha vichwa, huwaoni nyuso. Waambie hao wawili waache kusukuma dakika moja tu.

Sababu ya pili ni pesa, na hapa siwezi kuwalaumu wadogo zetu. Baada ya CHAN, Ryan Ogam aliyefunga dhidi ya Morocco na Zambia alisajiliwa na Wolfsberger ya Austria. Alistahili, na ninafurahi kwa ajili yake. Lakini kijana wa Kisimani au Karama anayetazama anajifunza nini? Kwamba ndege huja kumchukua anayefunga. Nina mdogo wangu wa mtaani, miaka 14, mrefu, anasoma mchezo kama mtu mzima, beki wa kati kabisa. Kocha akimpanga nyuma ananuna. "Bro, beki nani atanitazama?" Nimejaribu kumwambia. Nimemtajia Musa Otieno, nahodha wa Harambee Stars kwenye Kombe la Afrika 2004, beki, aliyecheza miaka mingi Afrika Kusini. Nimemtajia Joash Onyango, beki, aliyetoka Gor Mahia akasajiliwa na Simba mwaka 2020. Nimemtajia hata mtoto wa Mombasa, Mahmoud Abbas, yule kipa aliyeitwa "Kenya One". Kenya ilibeba Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, na ile ya 1982 tuliwashinda Uganda kwao kwa penalti. Dogo ananiangalia kama namsimulia habari za babu yake.

Sababu ya tatu ni woga. Ukimsajili straika na timu ikafungwa, utasema straika hakupewa mipira. Ukimsajili beki na timu ikafungwa, kila mtu anajua umekula hasara. Nahodha anayechagua straika kwanza anajikinga na lawama.

Upande wa pili nao una hoja

Nisiwe mtu wa kuegemea tu. Rafiki yangu mmoja, shabiki wa Arsenal mwenye maumivu ya muda mrefu, aliniambia: "Sawa, ukuta. Lakini 0-0 haishindi kombe." Ni kweli. Ni kweli pia kwamba bila Chase wale Bengals wasingefika popote.

Na ana hoja nyingine, yenye nguvu zaidi: mabeki wazuri unaweza kuwapata kwa bei rahisi, tena kwa kuchelewa, kwa hivyo pesa ya kwanza itumike kwa kipaji adimu. Wamarekani wana mfano. Mwaka 2018 Philadelphia Eagles walimchagua Jordan Mailata katika zamu ya 233, karibu mwisho kabisa. Alikuwa Mwaustralia mcheza ragbi aliyekuwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya mpira wa Marekani. Leo ni mmoja wa walinzi bora wa ligi, na Februari 2025 alibeba kombe. Hata Mkenya mwenzetu Daniel Adongo alitoka kwenye ragbi akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, ingawa yeye alikuwa upande wa kushambulia wenye mpira.

Lakini ukiitazama vizuri hoja hii inanisaidia mimi. Eagles hawakumwokota Mailata wakamwambia "kaa nyuma". Walimfundisha. Alikaa misimu miwili bila kucheza mechi, akijifunza kuweka miguu. Beki rahisi anapatikana, ndiyo, ila lazima uwe umemfikiria kabla. Mlinzi hachaguliwi mapema kwa sababu ni ghali. Anachaguliwa mapema kwa sababu anachukua muda.

Liverpool ndiyo mfano mnaoupenda wote. Msimu wa 2017/18 walikuwa na Salah, Mané na Firmino, walifunga magoli 84 ligini na kufungwa 38. Fainali ya Ulaya kule Kyiv wakapigwa 3-1 na Real Madrid, makosa ya kipa yakiwa wazi. Van Dijk alikuwa ameshafika Januari 2018, Alisson akaja kiangazi kile. Msimu uliofuata mashambulizi karibu yaleyale: magoli 89. Lakini waliofungwa ni 22 tu. Pointi 97 na Kombe la Ulaya. Straika walikuwepo tangu mwanzo. Kombe lilikuja ukuta ulipokamilika.

Kwa hivyo tufanyeje?

Mimi si kocha na sina cheti cha kitu chochote. Lakini kwa timu ya maskani yenye pesa za kuokoteza, msimamo wangu ni huu.

Kwanza, kipa asiwe mtu aliyebaki. Awe chaguo la kwanza, na glavu zake zinunuliwe kabla ya jezi mpya za kupigia picha. Jezi haizuii shuti.

Pili, tafuteni mabeki wawili wa kati na msiwatenganishe. Straika mzuri unaweza kumkodi Jumamosi asubuhi akafunga jioni. Mabeki wawili hawakodiwi hivyo. Wanahitaji kujuana hadi mmoja akipanda mwenzake anabaki bila kuambiwa. Hiyo hainunuliwi kwa elfu tatu, inanunuliwa kwa mazoezi.

Tatu, kabla ya mchezaji wa kukodi, wekeni akiba ya majeraha. Hata elfu mbili. Anayejitupa miguuni mwa watu kila mechi ajue akivunjika kuna mfuko. Sisi tulijua hilo tukalipigia kura tukalikataa, na kijana mmoja akalala nyumbani wiki tatu huku malori yakishushwa na wengine.

Baada ya hapo, zikibaki pesa, mleteni huyo straika wa Likoni. Nitamshangilia wa kwanza.

Mashindano ya mwaka huu yanakaribia na tumeanza kuchanga tena. Kipa amerudi. Kidole hakijanyooka sawasawa lakini anasema hakimsumbui, na mimi naamini nusu. Kikao ni Jumapili baada ya mechi ya jioni, na ninajua jina la straika mwingine limeshaanza kutajwa maskani, safari hii wa Changamwe.

Juzi tulipopima nyayo nilishinda mimi. Vijana wote wamesimama, mwenye chenga ameshaanza kusogea upande wangu kama kawaida yake. Nikamnyooshea kidole kipa.

Kukawa kimya kidogo, halafu kicheko uwanja mzima. Yeye mwenyewe aligeuka nyuma kutazama ni nani niliyemwita.